Sauti Iyumbayo Njiani: Kukagua Programu ya Kupimia Ukawiaji

Mtu akisimama katika shamba la migomba huko Sekei, chini ya mteremko wa Mlima Meru, akamwita jirani aliye umbali wa mita 51, sauti yake humfikia jirani huyo baada ya milisekunde 150. Ndivyo ilivyo kwa kuwa hewa husafirisha sauti kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, na milisekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara elfu. Wakiendelea kuzungumza hivyo, hakuna kati yao atakayelalamika kwamba mwenzake anakawia kujibu. Kiasi hicho hicho cha milisekunde 150 ndicho Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) ulichokitaja katika pendekezo lake liitwalo G.114: sauti ya simu ikikawia chini ya hapo, mazungumzo mengi hayadhuriki. Mpaka wa pili ni milisekunde 400, ambao mtandao wa simu haufai kupangwa uuvuke, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Makala haya hayahusu hasa ukawiaji wenyewe. Yanahusu jambo lililo karibu nao, ambalo watu wengi hawalijui kwa jina ingawa wamelisikia mara nyingi kwa masikio yao, nalo ni kuyumba kwa ukawiaji. Tutaeleza namna kuyumba huko kunavyopimwa na programu ya kompyuta, na kwa nini programu ya namna hiyo ikibadilishwa, hata kwa mistari michache, hapana budi isomwe na mtu wa pili kabla haijaanza kutumika.

Ukawiaji mrefu na ukawiaji usiotulia

Wasomaji wenye umri watakumbuka simu za ng'ambo zilizopita kwenye setilaiti, mathalani kupitia kituo cha Longonot nchini Kenya kilichoanza kazi mwaka 1970. Setilaiti ya aina ile husimama kilomita 35,786 juu ya ikweta, na sauti huhitaji karibu robo ya sekunde kupanda hadi huko na kushuka upande wa pili. Ulimaliza swali, ukanyamaza, ukadhani simu imekatika. Kisha jibu likaja wakati umekwisha anza kuuliza tena. Hata hivyo ukawiaji ule ulikuwa na sifa moja njema: haukubadilika. Neno la kwanza lilikawia kiasi kile kile cha neno la mwisho, na baada ya dakika chache wazungumzaji walizoea.

Siku hizi sauti itokayo Arusha hupita katika nyuzi za kioo za Mkongo wa Taifa hadi pwani, na kutoka huko huingia katika kebo za baharini kama SEACOM, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy, iliyoanza kazi mwaka 2010. Mwanga husafiri ndani ya kioo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 za kebo zataka milisekunde 50 tu. Kwa hesabu hiyo tumepata faida kubwa kuliko enzi za setilaiti.

Lakini sauti haisafiri tena kama mkondo mmoja usiokatika. Hukatwa vipande vifupi viitwavyo pakiti, kwa kawaida kila kimoja kikibeba milisekunde 20 za sauti, na kila pakiti hupita njiani pamoja na barua, picha na filamu za watu wengine. Penye msongamano hungoja foleni. Msomaji na afikirie daladala zinazoondoka Sanawari kila baada ya dakika tano kamili. Moja yakuta barabara nyeupe, ya pili yazuiwa na lori lililoharibika, ya tatu yaifikia ile ya pili. Kule mwisho wa safari, abiria huona daladala mbili zikifika kwa pamoja, kisha kwa muda hakuna hata moja. Pengine wastani wa safari zote ni ule ule wa jana, lakini anayengoja kituoni hawezi kuutegemea.

Sauti haiwezi kutolewa spikani kwa namna hiyo. Pakiti ikichelewa kwa milisekunde 30, spika haina cha kutoa, na msikilizaji husikia mkwaruzo au kimya. Ndiyo sababu chombo kinachopokea hakitoi sauti mara tu pakiti inapofika, bali huziweka kwanza pakiti chache katika akiba ya kusawazishia, kisha huzitoa moja moja kwa mpigo ulio sawa. Akiba ikiwa kubwa, pakiti zote huwahi lakini mazungumzo yote hukawia zaidi. Ikiwa ndogo, mazungumzo huwa mepesi lakini maneno hudondoka. Ukubwa ufaao hutegemea kuyumba kwenyewe, na kwa kuwa kuyumba hubadilika saa kwa saa, programu hukupima wakati wote na kuipanua au kuipunguza akiba kufuatana na kipimo. Kipimo hicho basi hakikai tu kwenye jedwali kikisubiri kutazamwa na wataalamu. Chombo hukitii.

Mji wa wakalimani

Jambo hili lina uzito wa pekee Arusha. Si mbali na Sekei kiko Kituo cha Mikutano ya Kimataifa kilichoundwa mwaka 1978, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977 na kuyaacha majengo yake. Humo ndimo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimofanyia kazi zake hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda, ilhali lugha rasmi za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Hata sasa mji huu una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pamoja na Mahakama ya Afrika Mashariki. Na mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuia safari, mahakama za namna hii zililazimika kusikiliza mashauri kwa njia ya video, huku mawakili wakiwa nchi mbalimbali.

Mkalimani wa papo kwa papo humfuata msemaji kwa nyuma sekunde mbili hadi nne. Hawezi kumwomba arudie. Katika Kiswahili, tofauti kati ya "nilimwambia aende" na "nilimwambia asiende" ni silabi moja. Silabi hiyo, kwa msemaji wa kawaida, haizidi pakiti kumi. Zikidondoka njiani, sentensi inayobaki ni sahihi kabisa kwa sarufi, wala hakuna atakayeishuku.

Kanuni ya kumi na sita

Njia inayotumiwa zaidi kupima kuyumba imeelezwa katika waraka wa intaneti uitwao RFC 3550, ulioandikwa na Henning Schulzrinne na wenzake watatu na kutolewa mwaka 2003, ukichukua nafasi ya ule wa mwaka 1996. Kila pakiti hubeba namba ya mfuatano na alama ya wakati, yaani hesabu inayoonyesha ni lini sauti iliyomo ilichukuliwa. Mpokeaji huandika wakati pakiti ilipofika. Saa za mtumaji na mpokeaji hazina haja ya kulingana. Linalotafutwa ni tofauti tu. Ikiwa pakiti mbili zilitumwa kwa kuachana milisekunde 20, nazo zikafika kwa kuachana milisekunde 33, basi tofauti, tuiite D, ni 13. Kuyumba, tukuite J, hurekebishwa kila pakiti ifikapo: J mpya ni J ya zamani, ongeza sehemu moja ya kumi na sita ya kile ambacho D, bila kujali alama ya kutoa, imeizidi J hiyo ya zamani. D ikiwa ndogo kuliko J, J hupungua kwa mwendo huo huo.

Tuchukue pakiti tano zilizotumwa katika milisekunde ya 0, 20, 40, 60 na 80, zikafika katika milisekunde ya 50, 70, 103, 110 na 130. Ya tatu peke yake ndiyo iliyokwama. D huwa 0, kisha 13, kisha 13 tena (kwa kuwa ya nne ilifika mapema ikilinganishwa na ya tatu), kisha 0. J huanza na 0, hupanda hadi 0.81, kisha 1.57, na mwisho hushuka hadi 1.48. Msomaji mwenye kalamu na ajaribu mwenyewe. Hesabu hii ndogo itatufaa hapa mbele.

Badiliko lililoletwa

Mwandishi wa makala haya alipata kuombwa akague badiliko la programu ya kusafirishia sauti za mikutano yenye ukalimani. Mtayarishaji wake alikuwa kijana wa hapo hapo Sekei, mwenye akili na bidii. Badiliko lenyewe halikuzidi mistari arobaini: lilikusudiwa kupima kuyumba na kuagiza akiba iwe mara mbili ya kipimo. Alileta na mchoro wa majaribio ya dakika kumi, mstari ukiwa umelala karibu na sakafu. "Mwalimu, naona imekaa sawa," alisema. Nami kwa kuutazama mchoro niliona hivyo hivyo. Mkaguzi anayeanza na mchoro amekwisha shawishika nusu. Afadhali kuanza na msimbo wenyewe.

Kosa kubwa lilikuwa katika mstari wa nne. Kijana hakutumia alama za wakati zilizomo katika pakiti. Alichukua muda uliopita kati ya kufika kwa pakiti moja na nyingine, akatoa 20, akaiita tofauti hiyo D. Kwa mtu anayesema bila kupumua, majibu ni yale yale. Lakini programu nyingi za sauti zina desturi ya kubana matumizi: msemaji akinyamaza, hazitumi kitu. Tuseme shahidi ameulizwa swali zito, akanyamaza sekunde tatu, kisha akajibu. Kati ya pakiti ya mwisho ya kabla ya kimya na ya kwanza ya baada yake zimepita milisekunde 3,020. Kwa hesabu ya kijana, D ni 3,000. Sehemu moja ya kumi na sita yake ni 187.5, na J hurukia huko kwa pigo moja, ingawa mtandao haukuyumba hata kidogo. Akiba nayo, kwa kutii agizo la mara mbili, hupanuka hadi milisekunde 375. Kisha zahitajika pakiti 46 zilizotulia, karibu sekunde nzima, ndipo J ishuke chini ya 10. Shahidi anaendelea kueleza jambo zito kuliko yote, na sauti yake inamfikia mkalimani ikiwa imekawia zaidi ya mara mbili ya ule mpaka wa 150.

Kwa kanuni ya waraka, kimya hakina madhara, kwa sababu alama ya wakati huendelea kuhesabu hata msemaji anaponyamaza. Pakiti ya baada ya kimya hubeba alama iliyosogea kwa sekunde zile zile tatu, na D huwa 0. Mbona mchoro haukuonyesha kosa hilo? Kwa majaribio, kijana alikuwa amecheza muziki kwa dakika zote kumi. Muziki haunyamazi.

Jambo la pili lilihusu saa. Kompyuta ina saa mbili kwa kadiri inavyomhusu mtayarishaji programu: ile inayoonyesha saa na tarehe kama saa ya ukutani, na ile inayohesabu tu muda uliopita tangu mashine iwashwe. Ya kwanza husahihishwa mara kwa mara kwa kulinganishwa na saa nyingine kupitia mtandao, nayo yaweza kurudishwa nyuma au kusukumwa mbele. Ikirudishwa milisekunde 30 kati ya pakiti mbili, kipimo kitaripoti kuyumba kusikokuwapo. Kijana alikuwa ametumia ya kwanza. Kusahihisha ni kubadili neno moja.

Tatu, mgawanyo kwa kumi na sita. Alama za wakati za sauti ya simu huhesabu vizio 8,000 kwa sekunde, na msimbo ulifanya hesabu kwa namba kamili. Kompyuta igawanyapo namba kamili hutupa kinachobaki: 15 kwa 16 ni 0. Maana yake ni kwamba tofauti isiyofika vizio 16, ambavyo ni milisekunde 2, haiisogezi J kamwe, iwe kupanda au kushuka. Mtandao uliotulia kiasi ungesomeka kuwa mkamilifu, na J iliyokwisha panda ingeganda njiani isirudi chini kabisa. Waraka wenyewe unaonyesha dawa: J ihifadhiwe ikiwa imezidishwa mara 16, na igawanywe wakati wa kuripoti tu. Hapa hapa niliuliza pia kama vizio 8,000 vimeandikwa kwa mkono au vinasomwa kutokana na aina ya sauti. Mtu angedhani swali hilo ni la mkaguzi mwenye kupenda shari. Lakini iko aina moja ya sauti, G.722, inayochukua sampuli 16,000 kwa sekunde huku alama zake za wakati zikihesabu 8,000, kwa sababu ya kosa lililoingia katika waraka wa zamani na likaachwa humo ili vyombo vilivyokwisha enea visiharibikiwe. Asiyejua hilo hupata vipimo vilivyopunguzwa nusu, au vilivyozidishwa mara mbili, kutegemea upande alikokosea.

Namba za mfuatano zilitaka neno fupi tu. Zina nafasi ya hesabu 65,536, kisha hurudi sifuri. Kwa pakiti za milisekunde 20, mzunguko huo humalizika katika muda wa dakika 22 hivi, na kwa kuwa hesabu huanzia popote kwa bahati nasibu, jaribio la dakika kumi lina nafasi isiyofika nusu ya kukutana na kurudi huko. Msimbo ulioletwa ungedhani pakiti elfu sitini na tano zimepotea kwa mpigo mmoja.

Kisha kulikuwa na mstari mmoja ulioandika kila kipimo katika faili, ndani ya sehemu ile ile ya programu inayolisha spika. Diski ikichelewa kuandika, sauti hungoja. Mpimaji alikuwa akiitikisa mizani kwa mkono wake mwenyewe, kisha akisoma mtikisiko huo kama uzito wa bidhaa. Vipimo viwekwe katika kumbukumbu ya kompyuta, na viandikwe na sehemu nyingine ya programu kwa wakati wake.

Wastani na mtu mmoja aliyekwama

Kuhusu agizo la akiba kuwa mara mbili ya J, tulibishana kwa muda mrefu, wala sidai kwamba kila mkaguzi angekubaliana nami. Turudi kwenye zile pakiti tano. J iliishia 1.48, mara mbili yake ni milisekunde 3 kwa makadirio. Lakini pakiti ya tatu ilichelewa kwa 13. Akiba ya milisekunde 3 ingeiacha nje, na sauti iliyokuwamo ingepotea. Kanuni ya kumi na sita ilitungwa ili vituo viweze kuripotiana hali ya mtandao kwa namba moja ndogo, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Haikutungwa ili kupanga akiba. Wastani wa kupita hulainisha, na kile kinachodondosha neno ndicho kinacholainishwa.

Nilipendekeza programu ihifadhi pia ukawiaji wa kila pakiti kwa dakika moja iliyopita, ambazo ni pakiti 3,000, na itafute kiasi ambacho pakiti 99 katika kila 100 hazikukizidi. Akiba ipangwe kwa kiasi hicho. Kijana alijibu kwamba kuzipanga pakiti 3,000 kila mara kutaichosha kompyuta ndogo ya kibandani. Jibu lake lilikuwa na haki. Tulikubaliana kuzigawa katika visanduku vya milisekunde moja moja na kuhesabu zilizomo katika kila kisanduku, kazi ambayo hata kompyuta dhaifu haiioni kuwa kazi.

Badiliko lilirudi baada ya siku chache likiwa na mistari mingi kidogo kuliko mwanzo, na safari hii likiwa na majaribio ya aina nyingine: badala ya muziki, orodha ya pakiti zenye nyakati zilizoandikwa kwa mkono na majibu yaliyokokotolewa kwa kalamu. Mojawapo lilikuwa lile la pakiti tano, likidai J iwe 1.48. Jingine lilikuwa na kimya cha sekunde tatu, likidai J isisogee. La tatu lilianzia namba ya mfuatano 65,530. Majaribio ya namna hii hayahitaji mtandao wala spika, nayo humalizika kabla mtu hajainua kikombe cha chai. Niliweka jina langu chini ya badiliko, likapokelewa.

Lilibaki jambo moja ambalo kipimo hiki hakiwezi kuliona hata kikiandikwa kwa usahihi wote. Saa za mashine mbili hazikimbii sawasawa kabisa. Zikiachana kwa sehemu 50 katika kila milioni, jambo la kawaida kwa vyombo vya bei nafuu, tofauti kati ya pakiti na pakiti ni sehemu moja ya elfu ya milisekunde, na D huipita bila kuigusa. Katika saa moja ya kikao tofauti hiyo hufikia milisekunde 180, na akiba hujaa au hukauka polepole huku J ikiendelea kusoma kwamba mambo ni shwari. Hilo tuliliandikia badiliko lake peke yake, nalo wakati huo lilikuwa halijaanzwa.